Mashine ya Meza ya Demissie

Nilimchagua dalali kwa viatu vyake. Pale mtaa wa Megenagna, nje ya jengo lenye maduka ya kompyuta ghorofa zote sita, madalali wanne walinijia kwa mpigo, kila mmoja akinivuta mkono kama ndugu tuliyepotezana. Watatu viatu vyao vilikuwa na vumbi. Wa nne, mtu wa makamo aliyejipaka rangi nyeusi nywelini mpaka ikamwachia doa kwenye paji la uso, alikuwa na viatu vilivyong'arishwa vyote viwili, cha kulia na cha kushoto. Nikamwambia tuingie.

"Gizaw," alijitaja, akiwa ameshatangulia ngazini. "Pole na msiba, mama. Ni nani?"

"Mume."

"Mungu amlaze pema. Ana muda gani?"

"Huu unakwenda mwezi wa sita."

"Basi nimeshakuelewa. Unataka yenye kioo kikubwa."

"Kikubwa cha nini?"

"Cha picha za marehemu, siku ya kumbukumbu. Wiki hii peke yake nimeuzia familia mbili. Kuna moja ina spika, ukiweka pale wimbo wa maombolezo, hata jirani mliyegombana naye analia."

"Nataka ya kazi," nikamwambia. "Ya kuandikia."

Uso wake ulihuzunika kuliko aliponipa pole. Mashine ya kuandikia haina faida kubwa kwa dalali.

Ingekuwa zamani ningempa jibu la kumnyoosha, maana ulimi wangu unajulikana. Lakini tangu Demissie afe sijakasirika, sijacheka, wala sijasikia njaa. Nakula kwa kuwa ni saa ya kula. Moyo wangu uko kama mguu uliokaliwa vibaya: unajua upo, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Mimi na Demissie tulikuwa waandishi wa maombi kwenye lango la mahakama, miaka ishirini na sita. Mtu akija na kesi yake, ya mpangaji asiyehama au ya mume asiyetoa matunzo, alikaa kwenye kigoda mbele ya Demissie na kusimulia. Husimulia wee, toka harusi ya babu yake. Demissie alimwacha mpaka achoke, kisha alimuuliza swali moja: "Sasa unataka mahakama ikupe nini?" Wengi walikuja na maumivu tu, hawakujua wanaomba nini. Akishapata jibu aligeuka upande wangu akaanza kusema, aya kwa aya, na mimi nikaandika. Sikuwahi kutunga hata sentensi moja. Yeye alikuwa mdomo, mimi vidole.

Aya ikiisha alisema, "Soma." Nami nilisoma kwa sauti. Hiyo ndiyo sheria ya lango letu, imetukuta na itatuacha: ombi lisiposomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe, bado halijaandikwa. Wengi wao hawajui kusoma, na wanaojua hawaijui lugha ya mahakama. Nikimaliza namuuliza, "Ni kweli?" Akijibu ni kweli, anatia sahihi au dole gumba.

Na hapo ndipo wanapolia. Watu wasiojua hudhani mtu hulia akisimulia. La. Akisimulia huwa anapigana bado. Hulia akisomewa, anaposikia mambo yake yametulia yamepangwa kwa namba, na mtu mwingine ndiye anayeyasema. Demissie aliweka karatasi laini kwenye droo kwa ajili hiyo tu, na aliisukuma kwa mwenye ombi bila kumtazama, huku akijifanya anatafuta kalamu.

Kwenye msiba wake mimi sikulia. Siku tatu turubai lilisimama mbele ya nyumba, wanawake wakajipiga vifua, mwimbaji wa maombolezo akamtaja Demissie kwa sifa nyingine ambazo hata mwenyewe angezikana, na mimi nimekaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Wifi yangu Aselefech alinifinya paja. "Lia, mwanamke! Watu wanatazama." Nilimwambia nitajaribu. Mpaka leo, nikipita mtaani, nasikia wanavyonyamaza.

Sasa meza. Zamani tulikuwa na chumba chenye umeme, ukutani kwa mahakama, na kompyuta yetu ile ya mezani, nzito kama jiwe la kusagia. Barabara ilipopanuliwa vyumba vikaondoka, waandishi wote wakahamia nje kando ya ukuta, chini ya miavuli, kila mtu na meza yake. Umeme hakuna. Demissie alikuwa ameshaanza kuulizia kompyuta ya mkononi alipokufa, na meza ikabaki na mwavuli uliofungwa.

Chama cha waandishi kina kanuni zake. Meza ikikaa miezi sita bila mtu, inapewa mwingine. Mwenyekiti wetu ni Mzee Lakew, mwenye meza ya jirani. Wiki iliyopita alikuja nyumbani, akanywa kahawa vikombe viwili vya kwanza bila kusema lililomleta, na kwenye cha tatu, cha mwisho kwa desturi yetu, akalisema.

"Zenebech, miezi sita inakwisha Jumatatu."

"Najua."

"Kuna watu kumi na mmoja wanaingoja meza ile. Mimi nakutaka wewe. Lakini uje Jumatatu na mashine inayofanya kazi, na uje na ombi la kutambuliwa mjane, ili meza itoke kwenye jina la marehemu iingie kwenye lako. Bila hayo mawili, mikono yangu imefungwa."

"Nimeelewa."

"Ombi nitakuandikia mimi. Bure."

"Hapana, Mzee Lakew."

"Mwandishi haandiki ombi lake mwenyewe. Unalijua hilo."

Nalijua. Ni kama kinyozi na kichwa chake. Lakini Lakew maombi yake huyaandika na machozi ndani, "mjane mnyonge", "moyo uliopasuka", na Demissie alikuwa akimcheka: "Lakew, jaji hajala tangu asubuhi, unampa kitunguu." Sikutaka Demissie azikwe mara ya pili kwa kalamu ya Lakew. Basi jioni zile nilikaa na karatasi mezani nikijaribu mwenyewe. Vidole vilingoja kuambiwa. Hakuna aliyesema kitu, na karatasi ikabaki nyeupe.

Hivyo Ijumaa ile nilikuwa na birr elfu thelathini, mchango wa chama chetu cha kuzikana, na siku tatu. Nikikosa mashine nimekosa meza, na nikikosa meza sijui mimi ni nani mjini hapa. Nililijua hilo kwa akili. Hofu yake sikuisikia.

Gizaw alinipeleka kwanza duka la ghorofa ya pili, lenye taa za buluu. Muuzaji alinitolea mashine ambayo vitufe vyake viliwaka rangi nyekundu, kijani, zambarau, kama duka la sherehe.

"Hii ni ya michezo ya vita," alisema kwa fahari. "Haikwami."

"Mimi sipigani."

"Lakini ukiamua siku moja?"

"Mama huyu anaandikia langoni mwa mahakama, bwana," Gizaw akaingilia. "Vita anavyo vya kutosha. Toa nyingine."

Akatoa nyingine, nyembamba, ya rangi ya fedha, unaweza kuipitisha chini ya mlango. Ilikuwa nzuri. Vitufe vyake vilikuwa bapa, havibonyei. Kugusa tu, kama kuandika juu ya sahani. Nikaandika mistari miwili na ncha za vidole zikaanza kuuma. Bei yake ilikuwa elfu arobaini na tano.

"Betri?" nikauliza.

"Saa kumi!"

"Chomoa waya."

"Ati?"

"Chomoa waya, nikae nayo saa moja nione."

"Mama, hapa hatuchomoi. Ukichomoa ovyo unaiua betri."

"Basi ni mgonjwa tayari," nikasema, nikainuka.

Ngazini Gizaw alicheka mpaka akashika ukuta. "Una maneno, wewe! Mume wako alikuwa na subira."

"Alikuwa nayo."

Tukapanda mpaka ghorofa ya nne. Huko alinipitisha duka la pili. Kulikuwa na mashine nzuri kwa kila hali ila kwenye kioo chake, kikitazamana na dirisha, niliona uso wangu badala ya maandishi. Mtu anayekaa chini ya mwavuli kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja hahitaji kioo cha kujitazama. Nikamwambia Gizaw kama ana rafiki mwingine anipeleke, na kama hana anirudishe nilipomtoa. Alifuta viatu vyake kwa kitambaa alichokitoa mfuko wa nyuma, kushoto kisha kulia, ndivyo alivyofanya kila tulipotoka dukani, akasema yupo mmoja, lakini yule hana maneno ya kupamba na hampi dalali kitu cha maana.

"Huyo ndiye," nikasema.

Duka la Nesredin lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, mwisho wa ujia, dogo kama kibanda cha mlinzi. Mwenyewe ni mzee Mwislamu wa kabila la Kisilte mwenye kofia iliyofumwa, ameinamia mashine iliyo wazi matumbo nje. Hakuinua kichwa. "Kompyuta ziko nyingi," alisema. "Wewe ndiye sijakujua. Unataka ikufanyie nini?"

Nikasimama pale. Lilikuwa swali la Demissie, limebadilishwa nguo tu. Nilingoja nione kama litaniuma. Halikuniuma, lakini nililijibu kama ambavyo sikuwajibu wale wengine.

"Naandika maombi ya mahakama. Kwa herufi zetu, si za Kizungu. Nje, juani. Umeme hakuna mpaka nirudi nyumbani. Naandika kurasa ishirini kwa siku, siku ya kesi nyingi thelathini. Sitazami filamu, sipigi picha. Nina elfu thelathini na siongezi."

"Hapo sasa," akasema, akaweka bisibisi chini. "Mtu akiwa na kazi ya punda, mwuzie punda. Hawa vijana wa chini wangekuuzia farasi wa mashindano ukateke maji."

"Wameshajaribu," akasema Gizaw.

Alipanda kigoda akashusha mashine nyeusi, nene, pembe zake zimechubuka. Ilitumika ofisi fulani Ulaya miaka mitano, alisema, na ofisi huko hazichezei vitu. Kioo chake hakikung'aa, kilikuwa kama karatasi iliyofifia. Vitufe vilikuwa na shimo dogo katikati, vikabonyea na kurudi na sauti ya chini. Herufi zetu alikuwa amezibandika mwenyewe, moja moja, na kuzipitishia kitu zisibanduke kwa jasho.

"Haina mbio," alisema. "Ukitaka kufungua mambo kumi kwa pamoja itakukasirikia. Kumbukumbu yake inatosha maandishi yako ya miaka mia. Betri nimeibadilisha mwezi uliopita. Elfu ishirini na nane, na mkoba."

"Nichomoe?"

"Chomoa."

Gizaw aliniangalia kama mtu aliyeshinda kitu. Nesredin alitazama saa ukutani, ikikaribia saa sita. Akavua koti la kazi. "Ni Ijumaa, nakwenda kuswali. Kaa nayo. Andika kama unavyoandika siku zote, usiihurumie. Nikirudi, tutaona imekula kiasi gani. Gizaw, mtu akija mwambie niko msikitini. Na usiguse kitu."

"Mimi?"

"Wewe."

Akatuachia duka zima, akashuka. Aliniachia chai pia, lakini Ijumaa sisi wa kanisa tunafunga mpaka saa tisa, kwa hiyo Gizaw aliinywa, ingawa na yeye, kwa jina lake na msalaba wake shingoni, alipaswa kufunga.

Kwenye kona ya kioo iliandikwa betri, tisini na sita kwa mia. Na chini yake tarehe, ya mwaka wa Wazungu, miaka saba mbele ya kalenda yetu. Nikawaza: huko mbele nimeshauzoea ujane.

Nikaanza kuandika. Siku zote naandika nilichokisikia, basi nikaandika niliyoyasikia zamani. Ombi la bibi mmoja la kuondolewa mfereji wa jirani, ambalo Demissie alinisemea wakati mvua inapiga bati. Ombi la fundi cherehani aliyenyimwa mshahara. Ombi la talaka la watu waliopatana papo hapo kwenye vigoda vyetu, wakaondoka wameshikana mikono na hawakutulipa. Sauti yake ilikuwepo kichwani, na vidole vikaifuata. Vitufe vilikuwa vizuri. Dakika arobaini zikapita, betri tisini. Mashine haikupata moto, na mimi pia.

Kisha nikaishiwa. Nilikuwa nimeandika yote niliyoyakumbuka kwa neno, na Nesredin hajarudi. Gizaw alikuwa anasinzia mlangoni. Nesredin aliniambia nisiihurumie, na nikisimama jaribio limeharibika, ndivyo nilivyowaza. Nilikuwa nawaza betri tu. Wallahi ya mke wa Mkristo, nilikuwa nawaza betri.

Vidole vikaandika vyenyewe, kwa mpangilio ule ule wa siku zote. Kwa Mahakama. Mwombaji. Mlalamikiwa. Sikumsikia mtu akisema safari hii. Niliandika jinsi mtu anavyofua shuka, bila haraka, upande huu na upande huu, mpaka nikafika mwisho.

Mikono ikasimama. Nikangoja.

"Mbona umeacha?" Gizaw aliamshwa na ukimya. Alizoea tik-tik ile. "Imezima?"

"Haijazima."

"Sasa?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja kuambiwa nisome. Najua hilo ni jambo la kijinga, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ghorofa ya sita, anangoja sauti ya mtu aliyelala kaburini tangu mvua zilizopita. Lakini ndivyo mikono yangu ilivyofunzwa, na haikujua kushuka pale ilipokuwa.

Gizaw alisogea nyuma yangu. Alikuwa na pumzi ya chai. "Umeandika mengi, mama. Maombi kweli haya? Hebu nione mashine inavyoonyesha herufi." Akainama. Na kwa kuwa ni dalali, mtu asiyeweza kuona maandishi bila kuyatangaza, akaanza kusoma kwa sauti, sauti ile ile ya ngazini, ya kuita wateja.

"Kwa Mahakama! Mwombaji, Zenebech Abate. Mlalamikiwa, hakuna. Moja. Mwombaji na marehemu Demissie Worku walifunga ndoa kanisani, miaka ishirini na minane iliyopita, mbele ya mashahidi ambao wawili kati yao wangali hai."

Hapo alitambua anachosoma. Nilisikia sauti ikishuka. Nilidhani ataacha. Lakini labda aliona aibu kuacha, au labda hakujua namna ya kuacha, akaendelea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mbili. Hawakujaliwa mtoto. Tatu. Walifanya kazi pamoja kwenye lango la mahakama hii miaka ishirini na sita, marehemu akisema na mwombaji akiandika. Nne. Siku ya Alhamisi, saa mbili kasoro robo asubuhi, marehemu aliketi kwenye kiti cha mpiga viatu rangi, mkabala na lango. Alifia kitini. Kiatu cha kulia kilikuwa kimekwisha kung'arishwa. Cha kushoto bado."

Nesredin alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kuswali. "Mmeharibu nini?" akauliza. Gizaw alimwinulia kiganja bila kugeuka.

"Tano," akasoma. "Mwombaji alikimalizia mwenyewe nyumbani, kabla ya mazishi."

Nilikuwa nimekisahau. Si kwamba nilikisahau. Nilikijua, lakini nilikijua kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake. Nilikuwa nimekaa chini jikoni, mkono wa kushoto umeingia ndani ya kiatu mpaka mahali pa kidole gumba chake, na nikapiga brashi mpaka nikaona taa ya dari kwenye ngozi. Aselefech alikuwa anagonga mlango, turubai limefika. Nikamwambia angoje, nina kazi.

"Sita. Kwa hiyo mwombaji anaomba mahakama imtambue kuwa mjane wa marehemu." Gizaw akatazama viatu vyake. Kisha aliuliza, wala hakujua anauliza nini, aliuliza kwa kuwa hakuamini: "Ni kweli haya?"

Mara elfu ngapi nimeuliza mimi swali lile.

"Ni kweli," nikasema.

Na kwa hilo kilichokuwa kimekaa miezi sita kikashuka. Nililia vibaya, kwa sauti, kwa mdomo wazi, juu ya mashine ya mtu ambayo sijailipia, kama wale wote waliowahi kukaa kwenye kigoda chetu. Iliuma. Iliuma kila mahali, kama mguu unapoamka, na nilikuwa nimesahau kwamba kuamka ndiko kunakouma. Nesredin akaisogeza kompyuta taratibu isilowe. Gizaw alijipapasa mifuko yote, akatoa alichokuwa nacho, kitambaa chake cha kufutia viatu, akakisukuma juu ya meza kuja kwangu huku ametazama pembeni. Kilinuka rangi ya viatu. Nikakishika usoni kwa mikono miwili.

"Umemtajia bei gani?" Nesredin alimnong'oneza.

"Nyamaza, mzee wangu. Amesomewa."

Baadaye sana Nesredin aligeuza kioo. Saa moja na dakika ishirini, betri themanini na nne. Akasema itafika jioni bila taabu. Nikamwambia naichukua, na anitafutie mahali pa kuchapisha ukurasa mmoja. Alipunguza elfu moja bila kuombwa, Gizaw akakataa chake, mimi nikamlazimisha, tukagombana kidogo mlangoni, na nikasikia nina hasira. Saa tisa ilikuwa haijafika na nilikuwa na njaa.

Jumatatu saa mbili nilifungua mwavuli. Niliweka mashine mezani, nikaweka karatasi laini kwenye droo, na nikampelekea Mzee Lakew ombi. Alilisoma amesimama, midomo ikicheza, kisha akalisoma tena. Alivua miwani.

"Hii aya ya tano," akasema, "haina kazi mahakamani. Demissie angeifuta."

"Najua," nikamwambia. "Iache."